Akina baba wa wikendi walipounda chama cha siasa

NI saa kumi na mbili jioni, siku ya Ijumaa. Katika maegesho ya mkahawa mmoja wa kuku na vibanzi pembezoni mwa jiji la Sydney, nchini Australia, magari mawili yamesimama, moja huku na jingine kule, utadhani wenyewe hawajuani. Mama anafungua mlango wa nyuma. Mtoto anashuka na kibegi chake mgongoni, anatembea hatua ishirini hivi, kisha anaingia katika gari la babake. Salamu hakuna. Jumapili jioni atarudishwa papo hapo, kwa mwendo ule ule.

Picha kama hii haishangazi mtu yeyote katika nchi ile. Mahali penye taa na pilkapilka za watu huchaguliwa makusudi, ili watalaka wasipate nafasi ya kurushiana maneno, au mangumi. Na huyo baba amebahatika. Wenzake wengine humwona mtoto saa mbili tu kwa majuma mawili, ndani ya chumba maalumu, mbele ya mfanyakazi anayeandika kila kinachofanyika. Wengine hawamwoni kabisa, ingawa kila mwezi mshahara wao hukatwa kwa ajili yake.

Je, mtu wa namna hiyo afanye nini? Wapo wanaozama katika pombe. Wapo waliohamia mbali wakaanza familia nyingine. Na wapo walioamua jambo ambalo pengine wewe msomaji hukulitarajia: wakaunda chama cha siasa, wakakiandikisha, wakasimamisha wagombea wa Seneti.

Chama chenyewe kiliitwa Non-Custodial Parents Party, yaani Chama cha Wazazi Wasiokaa na Watoto Wao. Kilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na baadaye kikaongeza katika jina lake maneno yenye maana ya malezi sawa. Madai yake hayakuwa mengi: serikali ipunguze mkono wake katika mambo ya ndani ya familia, sheria ya familia irekebishwe, na mfumo wa kukusanya fedha za matunzo ya watoto ufumuliwe. Litazame vizuri jina hilo. Halikutaja baba popote. Wapo akina mama wasiokaa na watoto wao pia, nao walikaribishwa. Lakini kila mtu alijua kilio kilikuwa cha nani.

Talaka bila lawama

Ili kuelewa hasira hiyo, hatuna budi kurudi nyuma hadi mwaka 1975. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka talaka nchini Australia alilazimika kuthibitisha mahakamani kwamba mwenzake alizini, alimtesa, alimtoroka, au kwamba ipo sababu nyingine iliyotajwa na sheria ya mwaka 1959. Wapelelezi wa kulipwa walijipatia riziki kwa kuwavizia watu wakiwa na kamera nje ya hoteli na nyumba za kupanga. Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Lionel Murphy, aliwasilisha Bungeni Sheria ya Familia iliyofuta mambo hayo yote. Sababu ya talaka ikabaki moja tu: ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka, na ushahidi wake ni kwamba wawili hao wametengana kwa miezi 12. Hakuna aliyeulizwa nani alianza.

Mahakama ya Familia ilifungua milango yake Januari 1976. Mwaka huo huo talaka zilipita 60,000, kwani watu waliokuwa wamefungwa katika ndoa zilizokwisha kufa walijitokeza wote kwa pamoja.

Watoto je? Kwa desturi walibaki na mama. Sheria haikusema hivyo. Ilisema masilahi ya mtoto ndiyo yatangulie. Lakini hakimu alipotazama nani amekuwa akimwogesha mtoto, akimpeleka kliniki na kukesha naye akiugua, mara nyingi jibu lilikuwa mama. Baba alikuwa kazini. Hapo ndipo akina baba walipoanza kulalamika kwamba wanaadhibiwa kwa kutafuta unga. Vyama vya kutetea akina baba wapweke vilikuwa vimeanza tangu miaka hiyo ya 1970.

Kuna ukurasa mmoja wa historia hii ambao ni mweusi, na singependa kuuruka. Kati ya mwaka 1980 na 1985 mtu mmoja jijini Sydney aliishambulia Mahakama ya Familia kana kwamba yuko vitani. Jaji David Opas alipigwa risasi mlangoni pa nyumba yake Juni 1980. Mwaka 1984 nyumba ya Jaji Richard Gee ililipuliwa kwa bomu, kisha jengo la mahakama huko Parramatta, kisha nyumba ya Jaji Ray Watson, ambapo mkewe, Pearl, alifariki. Mwaka 1985 ukumbi wa ibada ukalipuliwa na mtu mwingine akafa. Kesi hiyo ilikaa zaidi ya miaka 30 bila mshtakiwa. Hatimaye, mwaka 2020, aliyekuwa zamani mfanyakazi wa zimamoto alipatikana na hatia ya mauaji ya watu watatu akafungwa maisha. Chanzo cha yote kilikuwa kesi ya kugombea mtoto.

Chama tunachokizungumzia hakikuwapo wakati huo na hakihusiki kwa vyovyote. Ninachotaka msomaji aone ni moto uliokuwa chini ya jivu. Majaji waliwekewa walinzi kwa sababu ya kesi za ulezi, si za majambazi.

Usiku wa mtoto una bei

Mwaka 1988 ukaja ugomvi wa pili, wa fedha. Hadi hapo, mahakama zilikuwa zikiamuru baba alipe matunzo, naye analipa akipenda. Wengi hawakupenda. Mzigo ukawaangukia akina mama, na nyuma yao serikali iliyowapa msaada. Ndipo ilipoundwa idara maalumu ya matunzo ya watoto, ikawekwa ndani ya ofisi ya kodi, mahali ambapo mshahara wa mtu haufichiki. Kuanzia mwaka uliofuata kiasi kilikokotolewa kwa kanuni: baada ya kumwachia mlipaji kiasi cha kujikimu, alikatwa asilimia 18 ya mapato yake kwa mtoto mmoja, 27 kwa wawili, 32 kwa watatu. Mwajiri aliweza kuamriwa azikate fedha hizo kabla mshahara haujafika mkononi.

Kwa mama aliyekuwa akihangaika na karo na viatu, hii ilikuwa neema. Kwa baba, hasa aliyezuiwa kumwona mtoto kinyume cha amri ya mahakama, ilikuwa dhihaka. Serikali ilikuwa na meno ya kuchukua pesa yake, lakini mama alipokataa kufungua mlango Ijumaa jioni, meno hayo hayakuonekana. Ilimbidi arudi mahakamani, amlipe wakili upya, asubiri miezi. Hoja hii ndiyo iliyokipa chama kile uhai, na kusema kweli sijaona jibu la kuridhisha kwa hoja hiyo kutoka kwa wapinzani wake.

Kanuni ya matunzo ilibadilishwa mwaka 2008. Sasa mapato ya wazazi wote wawili hutazamwa, na vilevile idadi ya siku ambazo mtoto hulala kwa kila mmoja. Nusu uliyoisoma ya sentensi hiyo inafurahisha. Iliyobaki imeleta balaa lake. Mzazi anayekaa na mtoto chini ya asilimia 14 ya mwaka, yaani siku zisizofika 52, hapunguziwi chochote. Akizifikisha, anapunguziwa. Akifika asilimia 35, takriban siku 128, anapunguziwa zaidi. Basi wazazi wakaanza kuhesabu. Mama anakataa siku moja ya ziada, baba anaing'ang'ania, na mtoto aliyelala katikati hajui kwamba usiku wake umegeuka kuwa sarafu.

Karatasi ya kura ya mita moja

Lakini watu wachache namna hiyo waliwezaje kuota Seneti? Inabidi kuufahamu uchaguzi wa Australia, ambao ni wa aina yake.

Kwanza, kupiga kura ni lazima. Asiyekwenda bila sababu hutozwa faini ya dola 20. Pili, mpiga kura hachagui mmoja tu bali hupanga wagombea kwa nambari, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Aliyempenda zaidi akishindwa, kura yake huhamia kwa anayefuata. Tatu, kwa miaka mingi chama kiliweza kuandikishwa kikiwa na wanachama 500 tu. Na nne, hadi mwaka 2016, mtu angeweza kuandika nambari 1 kwenye kisanduku cha chama kimoja na kukiachia chama hicho kupanga nambari zilizobaki zote, kulingana na orodha iliyowasilishwa kwa Tume ya Uchaguzi mapema. Vyama vidogo vikawa vinabadilishana kura kama wachuuzi sokoni: nipe zako mimi nikiwa hai, nami nitakupa zangu nikifa.

Matokeo yake yalikuwa kichekesho. Katika uchaguzi wa Septemba 2013, jimbo la New South Wales lilikuwa na wagombea 110 wa viti sita vya Seneti. Karatasi ya kura ilikuwa na upana wa zaidi ya mita moja, na maandishi yalikuwa madogo hata wapiga kura wakapewa lenzi za kukuzia. Kulikuwa na chama cha wavuta sigara, cha wavuvi, cha treni ya kasi. Katika jimbo la Victoria, Ricky Muir wa chama cha wapenda magari alipata asilimia 0.51 ya kura za kwanza, akaingia Seneti kwa mgongo wa kura za wengine. Ilhali kiti kinahitaji zaidi kidogo ya asilimia 14!

Katika bahari hiyo ndimo chama cha wazazi wasiokaa na watoto kilimokuwa kikiogelea, uchaguzi baada ya uchaguzi. Hakikupata kiti hata kimoja. Chama kisichofikisha asilimia 4 hupoteza dhamana ya wagombea wake na hakirudishiwi gharama na serikali, na hiki hakikukaribia hapo. Mwaka 2016 ule mlango wa kubadilishana kura ulifungwa. Mwaka 2021 Bunge likaongeza idadi ya wanachama wanaohitajika kutoka 500 hadi 1,500. Uchaguzi wa mwaka 2022 ulipofika, jina lake halikuonekana kwenye karatasi za kura.

Hata hivyo, mtu akisema walishindwa, atakuwa ameharakisha. Mwaka 2003 Waziri Mkuu John Howard aliagiza kamati ya Bunge ichunguze kama sheria ianze na wazo kwamba mtoto atagawa muda wake nusu kwa nusu baina ya wazazi. Maoni zaidi ya 1,700 yalimiminika. Wabunge wa vyama vikubwa walikuwa wamekwisha kuzoea kuona akina baba wakiwajia ofisini na mafaili ya kesi kwapani, na hao walikuwa wapiga kura katika kila eneo. Kamati ilikataa nusu kwa nusu. Badala yake ilipendekeza mahakama ichukulie kwamba wazazi wote wawili wana wajibu sawa katika maamuzi makubwa kuhusu mtoto, kama shule, dini na matibabu, isipokuwa pale penye ukatili. Hilo likawa sheria Julai 2006, pamoja na vituo 65 vya kuwapatanisha wazazi kabla hawajafika kortini.

Linganisha na Uingereza. Huko kundi la Fathers 4 Justice lilichagua vituko. Mei 2004 Waziri Mkuu Tony Blair alirushiwa unga wa zambarau akiwa Bungeni, na Septemba mwaka huo mwanamume aliyevaa kama Batman akapanda ukutani katika kasri la Buckingham. Dunia nzima iliona. Sheria haikusogea haraka vile. Waaustralia wetu walisaga meno, wakajaza fomu.

Upande wa pili wa sarafu

Sasa tugeuze sarafu. Mashirika ya akina mama na watetezi wa watoto walikuwa wameonya tangu mwanzo: familia nyingi zinazotengana huelewana zenyewe, bila jaji. Zinazofika hadi hukumu ni chache, na katika hizo chache ndimo kulimojaa vipigo, vitisho na ulevi. Kutunga kanuni ya wote kisha kuitumia kwa hao wachache ni hatari.

Onyo hilo halikuwa la bure. Sheria ya 2006 ilimtaka hakimu apime ni mzazi gani anayemrahisishia mwenzake kumwona mtoto. Ilisema pia kwamba anayetoa tuhuma za uongo kwa kujua atalipishwa gharama. Kwa maneno matupu ni haki kabisa. Lakini jiweke katika nafasi ya mwanamke aliyepigwa ndani ya nyumba yake, usiku, bila shahidi. Akisema, huenda asiaminiwe, na aonekane mkorofi anayemzuia baba. Akinyamaza, mtoto atakwenda. Wengi walinyamaza. Bunge liliviondoa vifungu hivyo viwili, na mabadiliko yakaanza kutumika Juni 2012.

Kulikuwa na tatizo jingine, dogo kwa sura. Watu waliisoma sheria vibaya. Maneno wajibu sawa yaligeuka vinywani mwao yakawa muda sawa, hivyo baba akaja mezani akidai siku 182 na nusu kama haki yake ya kuzaliwa, na mama akakubali akidhani ndivyo sheria ilivyo. Mwaka 2019 tume ya kurekebisha sheria ilipendekeza lugha hiyo ibadilishwe. Bunge likaenda mbali zaidi: kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2023 na kuanza Mei 6, 2024, kile kifungu cha wajibu sawa kama mahali pa kuanzia kimefutwa kabisa. Jaji sasa hutazama mambo machache tu: usalama, maoni ya mtoto, mahitaji ya makuzi yake, uwezo wa kila mlezi, faida ya kuwa karibu na wazazi wake pale palipo salama, na lolote jingine linalomhusu mtoto huyo.

Kwa hiyo kile kidogo ambacho akina baba walikipata baada ya miaka mingi ya kupiga kelele kilidumu miaka 18, basi. Nawaelewa wanaolia. Lakini nikiwaza juu ya mtoto wa yule mwanamke aliyenyamaza, siwezi kusema Bunge lilikosea.

Na sisi Wakenya?

Kwetu mambo yamekwenda kinyumenyume. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilisema kwamba wazazi ambao hawakuoana, mama ndiye mwenye wajibu wa mzazi kwanza. Baba angeupata kwa njia zilizowekwa, kama vile kwa makubaliano au kwa kwenda kortini. Kuna akina baba waliolia kwamba wamefungiwa nje. Lakini wapo wengine, na tunawajua, waliokikumbatia kifungu hicho kama mto wa kulalia: sikumwoa, basi mtoto si mzigo wangu.

Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 53, ikasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili kwa usawa, wawe wameoana au la. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ikakitangaza kile kifungu cha zamani kuwa kinyume cha Katiba. Na nani alikuwa amekwenda kukipinga? Hakuwa baba aliyenyimwa mtoto. Alikuwa mama, akidai matunzo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikachukua nafasi ya ile ya 2001.

Kuhusu chama cha siasa cha akina baba, wenye ndoto hiyo Nairobi wajifunge mkaja. Tunao Maendeleo ya Wanaume, waliovuma mwaka 2012 walipowataka waume wasusie chakula cha nyumbani kupinga kupigwa na wake zao, lakini kundi hilo si chama cha kugombea viti. Sheria yetu ya vyama ya mwaka 2011 inadai wapiga kura wasiopungua 1,000 kutoka kila kaunti, katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Hesabu hiyo ni 24,000 kwa uchache, dhidi ya wale 500 wa Australia.

Kilicho rahisi zaidi, na ambacho wazazi wengi hapa hawakijui, ni kwamba baba na mama ambao hawakuoana wanaweza kuketi, wakaandikiana makubaliano ya wajibu wa mzazi mbele ya mashahidi: nani atalipa karo, mtoto atalala wapi likizo ya Agosti, na nani atampigia nani simu akiugua usiku.